Mwavuli Wenye Miguu

Jumamosi, saa tatu na robo, Ngara,
ng'ambo ya nyumba ya mawe yenye mwaka kifuani: 1937.
Ile saba imemeguka mkia. Siuongezi.
Nimekalia kigoda cha kukunja,
daftari magotini, kalamu ya wino mkononi,
na kisanduku cha rangi kumi na mbili;
tano zimekwanguka hadi bati,
na moja sijaigusa tangu niinunue,
waridi kali, hata sijui ni ya nini katika mji huu.

Maji nimesahau.
Mji ulioitwa kwa maji yake baridi
nami nimeutokea mkavu kama biskuti.
Shamsa yuko kule kivulini, anapigana na nyaya za umeme.
Husema nyaya za Ngara ni mwandiko wa daktari:
usijaribu kuusoma, uamini tu.

Basi wino kwanza.
Paa la mabati, viraka juu ya viraka.
Roshani iliyolegea upande mmoja
kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.
Shuka mbili zimeanikwa, na soksi moja, peke yake, imeshikwa kibanio.
Mkono hauliombi jicho ruhusa.
Unateremka ukutani, unafika barazani,
na pale barazani kuna mtu ameinama,
nimeshamchora kabla sijamwona:
mgongo, mstari mmoja. Kofia. Kiwiko.
Viatu, vilivyong'arishwa kuliko baraza lenyewe.

"Dada, mimi usinitie humo."

Amevuka barabara sikusikia.
Fundi wa miavuli. Mkononi kashika ubavu wa chuma,
mwembamba, kama mfupa wa kongoti.
Jina lake Muasya, na sauti yake ni ya mtu anayekopa:
"Nyumbani Mwala wanajua niko ofisini.
Ghorofa ya pili. Nina meza, nina mhuri.
Picha hutembea, dada. Picha ina miguu."

Ingekuwa penseli ningefuta.
Lakini wino ukishatoka ni kama neno,
hata ukilitubia limesikika.
Sikumwambia hivyo.
Nilimwambia, nitafutie maji.

Akayaleta kwenye kifuniko cha chupa yake ya chai,
baridi, yananukia tangawizi.
Nikachovya brashi,
nikafungua mwavuli juu ya mgongo wake,
wa nili, mpana kupita kiasi.
Rangi ya maji haisitiri, ni kitambaa cha shela;
kofia ikazidi kuchungulia.
Nikaiongezea wino, nikatia mbavu za chuma,
naye akinisahihisha, kidole kikielea juu ya karatasi:
"Nane. Mwavuli una mbavu nane. Huo wako wa saba utavuja."
Nikaweka ya nane.

Akatazama. Gari la mkaa likapita, likatupulizia weusi wake, likaenda.
"Na lile dirisha la juu," akasema, "la pili kutoka kushoto.
Mbona halina mtu?"

Kweli halikuwa na mtu.

"Weka mtu. Mtie tai."

Nikamweka, si mrefu kuliko punje ya mchele:
nukta ya kichwa, mabega, kitu kama meza.
Tai ikadai rangi.
Nikabandua ile waridi isiyoguswa,
tone moja, kwa ncha ya brashi.
Muasya akacheka peke yake, kwa puani,
akarudi barazani kwenye mwavuli wa mteja
uliokuwa umelala kifudifudi, ukimngoja.

Jioni, kwa Shamsa, tulitandaza madaftari sakafuni.
Nyaya zake zilikuwa nzuri, nilimwambia hivyo.
Yeye alikaa na ukurasa wangu, akaugeuza kwenye taa.
"Huyu wa dirishani nani?"
Karani, nikasema.
"Na mwavuli wako mbona umevaa viatu?"

Nilikuwa nimevisahau.
Vimetulia pale chini, jozi, kamba zimefungwa vizuri.
Kalamu ilikuwa karibu, nikaishika, nikaiweka.
Karatasi imejikunja pembeni ilipolowa.
Mpaka leo ukiisogeza puani utapata tangawizi.